Kereng'ende au Vunjajungu: Ni Mwindaji Yupi wa Kumkaribisha Bustanini?

Mwenye bustani ndogo nyumbani, mwenye matuta machache ya mchicha na sukuma wiki, mndimu mmoja na pengine pipa la kukingia maji ya mvua, hufika siku akachoka kupiga dawa na kuanza kujiuliza kama hakuna mdudu wa kumla mdudu. Wapo wengi, lakini wawili huonekana hata na asiyewatafuta: kereng'ende, anayekatiza hewani mchana kutwa, hasa penye maji, na vunjajungu, anayesimama juu ya jani kana kwamba ni sehemu ya jani hilo. Wote wawili hula nyama tu tangu kuanguliwa hadi kufa. Hawana mwiba wala sumu ya kumdhuru mtu, na hawaharibu jani lolote la mmea. Baada ya hapo karibu kila jambo linawatenganisha, na tofauti hizo ndizo zinazopaswa kumwongoza anayetaka kuchagua.

Kuchagua hapa hakuna maana ya kununua. Hakuna mtu wa kukuletea kereng'ende ndani ya mfuko, na hata ukimkamata na kumwachia uani kwako ataondoka kabla hujageuka. Unachochagua ni mahali: aina ya makazi utakayoyaacha au kuyatunza ili mwindaji fulani aje mwenyewe na akae. Kwa sababu hiyo, swali la nani ana nguvu zaidi au nani ana kasi zaidi, ingawa linavutia, halitoshi. La msingi ni adui wako anaishi wapi, hewani, majini au kwenye jani, na nyumba yako ina nini tayari.

Kuwatambua si kazi. Kereng'ende ana mwili mrefu mwembamba, macho makubwa yanayokaribia kufunika kichwa chote, na mabawa manne mangavu anayoyaacha yametandazwa pembeni hata anapotua. Wapo ndugu zake wembamba zaidi, ambao wengi wao huyakunja mabawa juu ya mgongo wanapopumzika, na jamii zote mbili kwa pamoja zina spishi zaidi ya 6,000 duniani. Vunjajungu ana kichwa cha pembetatu, shingo ndefu na miguu miwili ya mbele iliyokunjwa kifuani, yenye miiba kama meno ya msumeno. Spishi zake zinazojulikana ni takriban 2,400, na ndugu zake wa karibu, jambo linalowashangaza wengi, ni mende na mchwa. Jina lake limebeba imani ya zamani kwamba aliyemgusa mdudu huyu, chombo cha udongo atakachokishika baadaye kitamvunjikia mikononi. Nadhani imani hiyo imemwokoa vunjajungu katika mikono ya watoto wengi kuliko somo lolote la sayansi.

Namna mbili za kuwinda

Kereng'ende huwinda akiwa angani. Kila jicho lake kubwa limeundwa kwa vijicho vidogo vinavyoweza kufikia karibu 30,000, na kila bawa kati ya manne lina misuli yake, hivyo anaweza kusimama hewani, kurudi nyuma na kugeuka ghafla pasipo kupunguza mwendo. Kinachomfanya awe hatari kwa mbu na nzi, hata hivyo, ni hesabu yake kuliko mbio zake. Hamfuati windo kwa nyuma. Hulipima linakoelekea kisha hurukia mahali litakapokuwa, kama mchezaji anayekimbilia pale mpira utakapodondokea badala ya kuukimbiza ulipo. Miguu yake yenye miiba hukusanyika mbele kama kikapu, windo hunaswa ndani yake, na mara nyingi huliwa papo hapo bila mlaji kutua. Katika majaribio yaliyofanywa kwa kurekodi picha za kasi, kereng'ende walifanikiwa katika zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yao. Simba hukosa mara nyingi kuliko anavyopata, na wanyama wengine wengi wawindaji wako katika hali hiyo hiyo, kwa hiyo kiwango hiki ni cha kustaajabisha kweli.

Vunjajungu hufanya kinyume. Huchagua kijiti au ua, hukaa humo kwa saa nyingi, na huyumba taratibu kama jani linalopepewa ili asitambuliwe. Kichwa chake hugeuka pande zote mbili, jambo ambalo wadudu wengi hawaliwezi, na macho yake mawili makubwa hushirikiana kupima umbali wa windo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza walilithibitisha hilo kwa njia isiyosahaulika: waliwabandika vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha picha za windo kwenye skrini, na vunjajungu wakairushia miguu picha iliyoonekana kuwa karibu ingawa mbele yao hapakuwa na kitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na vunjajungu waliotumika walikuwa Sphodromantis lineola, jamii ya hapa hapa Afrika. Windo likifika umbali unaofaa, miguu ya mbele hufyatuka na kufunga katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Nyingi kati ya jamii za vunjajungu zenye mabawa zina pia sikio moja tu, lililo katikati ya kifua upande wa chini, ambalo husikia sauti nyembamba za popo na kumfanya mdudu ajitupe chini anapokuwa akiruka usiku.

Kwa mwenye bustani, tofauti hii ina maana ya moja kwa moja. Kereng'ende husafisha hewa: mbu, usubi, nzi, nondo wadogo, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua. Kiwavi anayetafuna jani la kabichi hayumo katika orodha yake, kwa kuwa kiwavi haruki, na panzi aliyetulia kwenye shina naye yuko salama. Vunjajungu husafisha majani: panzi, viwavi, nondo, nzi na mende. Mbu anayepita juu ya paa hamhusu. Anayelalamika kwamba mboga zake zimetobolewa asimngojee kereng'ende, na anayelalamika kwamba jioni haiwezekani kukaa barazani asimngojee vunjajungu.

Nitaongeza tahadhari moja ambayo wanaompenda vunjajungu huisahau. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani ya sukuma wiki na kuyanyonya, humpendeza vunjajungu mchanga tu aliyeanguliwa karibuni. Akishakua huwaona ni wadogo mno, hawalingani na taabu ya kuwakamata. Kwa vidukari, bibi arusi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo mwenye madoa, anawashinda wote wawili kwa mbali.

Mlaji asiyebagua

Udhaifu mkubwa wa vunjajungu ni kwamba hachagui. Kila kinachotembea mbele yake na kinacholingana na nguvu zake ni chakula, na kwa kuwa hupenda kusimama karibu na maua, wanaofika mara nyingi ni nyuki na vipepeo, yaani wale wale wanaochavusha maboga na matango yako. Hula pia wenzake. Matunutu, yaani wadudu wachanga ambao bado hawajaota mabawa, yanayotoka katika kifuko kimoja cha mayai huanza kuliana mapema yasipotawanyika, na jike mwenye njaa anaweza kumla dume wakati wa kujamiiana au baada yake, ingawa si kila mara kama inavyosimuliwa. Madume mengi huondoka salama, hasa jike akiwa ameshiba.

Wamarekani wamelijua hili kwa muda mrefu. Vunjajungu wa China, mkubwa kuliko wengi wa kwao, alionekana Philadelphia mwaka 1896 akiwa ameingia kutoka Asia, na kwa miaka mingi sasa vifuko vyake vya mayai vimekuwa vikiuzwa kwa wenye bustani kama dawa ya asili. Wataalamu wengi wa wadudu hawaipendekezi biashara hiyo, kwa sababu mdudu huyu hula rafiki na adui pamoja, na idadi yake hujipunguza yenyewe kwa kuliana. Mwaka 2017 watafiti walikusanya taarifa 147 kutoka nchi 13 za vunjajungu waliokamata ndege wadogo, wengi wao wakiwa ndege wavuma wa Marekani wanaokuja kunywa nekta kwenye vyombo vilivyotundikwa uani. Sisemi kwamba vunjajungu wa Morogoro au Kisii atakula chiriku wako. Nasema kwamba anayemtaka bustanini amkubali jinsi alivyo, na asihamishe jamii ya ugenini kuja nayo nyumbani kwa kuwa ni kubwa zaidi.

Kereng'ende naye si malaika. Jamii zake kubwa hukamata nyuki, na mfugaji mwenye mizinga karibu na bwawa anaweza kuwaona wakizunguka. Lakini nyuki ni sehemu ndogo ya chakula chake, kwa maana mwili wake na namna yake ya kuwinda vinampeleka zaidi kwa wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi.

Maisha ya majini, na suala la mbu

Hapa ndipo kereng'ende anapojitenga na mwenzake kabisa, na hapa ndipo pia watu wanapomtegemea kupita kiasi. Jike hutaga majini au kwenye mimea iliyo majini, na tunutu anayeanguliwa huishi humo kwa muda unaotofautiana sana: wiki chache kwa jamii zinazotumia madimbwi ya mvua, miaka kadhaa kwa nyingine. Hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, na akitishwa hufyatua maji kwa nyuma na kusukumwa mbele kama chupa ya plastiki iliyominywa. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama mkono uliokunjwa kiwikoni, na ncha yake ina makoleo. Kiluwiluwi cha mbu kinapopita, mkono huo hutupwa mbele na kukirudisha kinywani kabla jicho la mtu halijaelewa kilichotokea. Kwa hiyo kereng'ende huwala mbu mara mbili: wangali majini, na baadaye wakiwa angani.

Nguvu hiyo imewahi kutumika kwa makusudi. Huko Yangon, Myanmar, wakazi walishirikiana na watafiti kuweka matunutu ya kereng'ende katika vyombo vya maji vya majumbani ili kupunguza mbu wa homa ya dengi, na utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mbu hao walipungua sana. Ni mfano mzuri, lakini usomwe kwa makini. Mbu wa dengi huzaliana katika vyombo: mapipa, mitungi, matairi ya zamani. Mbu mkuu wa malaria katika nchi zetu, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vidogo vya muda vilivyo juani, kama alama za kwato za ng'ombe na mifereji ya matairi barabarani, ambavyo hukauka kabla tunutu wengi wa kereng'ende hawajakua. Tena mbu huyo huuma usiku, saa ambazo kereng'ende waliokomaa wamelala. Hivyo kereng'ende hupunguza kero ya mbu na usubi, lakini chandarua chenye dawa kibaki kitandani, na mapipa yaendelee kufunikwa.

Kwa mfugaji wa samaki mizani inageuka. Tunutu mkubwa wa kereng'ende hula vifaranga vya samaki bila shida, na mwenye bwawa la kukuzia vifaranga vya sato au kambale ana haki ya kumhesabu kuwa mwizi. Afunike bwawa la vifaranga kwa wavu mwembamba, na kereng'ende aachwe katika mabwawa ya samaki waliokwisha kukua, ambao wao ndio watakaomla tunutu.

Anayepita na anayekaa

Vunjajungu ni mkazi. Jike aliyebeba mayai ni mzito, haruki vizuri, na anaweza kukaa katika kichaka kimoja kwa majuma. Ukimwona leo kwenye mwaridi, kesho mtafute hapo hapo. Kereng'ende hana ahadi kama hiyo, na baadhi yao ni wasafiri wa kweli. Yule wa rangi ya manjano iliyoiva, Pantala flavescens, huonekana kwa makundi katika pwani yetu msimu wa vuli na mwanzo wa kaskazi. Charles Anderson, mtafiti wa viumbe vya baharini aliyekuwa akiishi Maldives, alijiuliza kwa miaka kwa nini maelfu ya kereng'ende hufika kila Oktoba katika visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya kuzalia. Mwaka 2009 alichapisha jibu lake: wanatoka India, wanapanda pepo za juu, wanavuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki, wanazaliana katika madimbwi ya mvua, na vizazi vyao hurudi na kusi. Mzunguko mzima alioukadiria ni kilomita 14,000 hadi 18,000, na hakuna mdudu mmoja anayeumaliza. Hupokezana kizazi kwa kizazi. Majahazi ya kale yalisafiri kwa pepo hizo hizo, na kila ninapowaona kereng'ende hao juu ya uwanja baada ya mvua huwa nalifikiria hilo.

Kwa mchaguzi, habari hii ina upande wa vitendo: kundi la kereng'ende uliloliona Desemba huenda halihusiani na lolote ulilofanya nyumbani, na litaondoka hata ukiliandalia bwawa zuri namna gani. Wanaofaa kuhesabiwa ni wakazi, wale wanaoonekana mwezi baada ya mwezi wakilinda kipande kile kile cha ukingo wa maji na kuwafukuza wenzao.

Wakazi hao wanadai maji safi. Matunutu hufa mapema dawa ya shambani inapotiririkia mferejini, na jamii zinazotegemea vijito vya msituni hupotea msitu unapokatwa. Katika milima ya Usambara Mashariki, msitu wa Amani nchini Tanzania, yuko ndugu mwembamba wa kereng'ende aitwaye Amanipodagrion gilliesi, ambaye hajulikani mahali pengine popote duniani na yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Anayekaa jirani na kijito cha namna hiyo, uchaguzi wake ni zaidi ya mboga.

Kwa hiyo, yupi?

Penye maji tayari, mimi ningemchagua kereng'ende bila kusita: bwawa, mfereji wa kumwagilia, jaruba la mpunga, ukingo wa ziwa. Acha magugu machache marefu yaliyosimama majini, kwa sababu tunutu aliyekomaa hupanda juu yake alfajiri, hupasua ngozi ya mgongo na kutoka akiwa na mabawa. Ukifyeka ukingo wote unamnyima ngazi. Usiweke samaki katika dimbwi dogo ulilomwachia yeye. Na usipige dawa upande wa juu wa mteremko.

Penye ukavu, usichimbe bwawa kwa ajili yake. Ushauri huu huwaudhi waliokwisha kushika jembe, lakini dimbwi jipya hupata mbu kabla ya kupata kereng'ende. Mbu humaliza maisha yake ya majini ndani ya siku kumi hivi au pungufu, ilhali matunutu wa kutosha watahitaji wiki nyingi. Karibu na vyumba vya kulala watoto, gharama hiyo haifai. Hapo mpe nafasi vunjajungu, ambaye haombi ila vichaka visivyopigwa dawa na ua wa miti hai usiokatwa wote kwa siku moja. Mwenye mizinga ya nyuki, hata hivyo, amwondoe kwenye maua yaliyo mbele ya mzinga na kumhamishia upande wa kabichi, kwa kijiti kama anaogopa kumshika.

Kwa mwalimu anayetafuta mdudu wa kuwafundishia watoto, vunjajungu anashinda. Anakaa ndani ya chombo chenye wavu, anakula nzi mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya darasa zima, na anaonyesha kila hatua ya kujivua gamba, mradi chombo kiwe kirefu zaidi ya mara mbili ya mwili wake ili apate nafasi ya kuning'inia kichwa chini. Kikiwa kifupi atatoka na miguu iliyopinda. Kereng'ende aliyekomaa hafugiki, atajigonga hadi achanike mabawa. Tunutu wake anafugika katika chupa pana ya kioo, mmoja mmoja, pamoja na kijiti cha kupandia, na darasa lililobahatika kumwona akitoka majini na kupanua mabawa halihitaji kuelezwa tena maana ya kubadilika umbo.

Jambo la mwisho ni la wanaopogoa ua wa nyumba. Kifuko cha mayai cha vunjajungu hufanana na povu lililokauka, rangi ya majani makavu au kahawia, limebandikwa kwenye kijiti, ukutani au chini ya ukingo wa paa, na wengi hulichoma pamoja na takataka wakidhani ni ugonjwa wa mti. Ndani yake kunaweza kuwa na mayai kuanzia makumi hadi mamia. Ukilikuta kwenye tawi ulilokwisha kulikata, kata kipande hicho cha tawi, kifunge kwa uzi kwenye kichaka kilicho karibu na matuta, kivuli kiasi na mbali na njia ya siafu, kisha kiache hapo wiki kadhaa bila kukigusa.